Jinsi ya kuchambua mchezo wako wa sataranji ya kasi pale wafalme wanapokaa pande tofauti

Maswali ya wanaoanza yanafanana mno. "Nilikuwa nashambulia vizuri, ghafla nikapigwa mati. Nilikosea wapi?" "Injini inasema nilikuwa nashinda hatua ya 18, mbona mimi sikuona kitu?" "Nimefungua uchambuzi, nimekuta alama nyekundu kila mahali, sasa nifanye nini nazo?" (Injini ni programu ya kompyuta inayopima kila hatua; alama nyekundu ni makosa iliyoyaona.) Ukiuangalia mchezo wenyewe, mara nyingi ni wa aina moja: dakika tatu au tano kwa kila mchezaji, mmoja kafanya kasilingi (kumhamisha mfalme na ngome kwa hatua moja) upande mfupi, mwingine upande mrefu, vitunda vinakimbilia kwa mfalme wa mwenzake na saa zinakwisha.

Mwongozo huu ni wa michezo hiyo tu. Inahitaji njia yake, kwa sababu swali la kawaida la uchambuzi, yaani "nani alipoteza kete na wapi", hapa halijibu kitu. Unaweza kuwa mbele kwa ngome nzima na bado ukapigwa mati, yaani mfalme akashambuliwa na kukosa pa kukimbilia. Mchezo wa pande tofauti ni mbio, na anayechelewa kwa hatua moja ndiye anayekufa. Kwa hiyo uchambuzi unaanza kwa kuhesabu hatua. Injini inakuja baadaye, na inakuja kujibu maswali uliyokwisha kuyaandika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mchezo mmoja uliomalizika, wenye kumbukumbu ya saa. Tovuti za Lichess na Chess.com zote huhifadhi muda uliobaki kwa kila hatua.
- Ubao wa uchambuzi ambao injini yake unaweza kuizima. Huu ndio muhimu kuliko vyote.
- Daftari, au faili tupu la maandishi.
- Injini kwa ajili ya baadaye. Stockfish inatosha na ziada, tena ni ya bure. Kwenye Lichess inafanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo.
- Kama dakika arobaini zisizo na usumbufu.

Herufi nitakazotumia ni zile zile utakazoziona kwenye programu: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda hakina herufi, huandikwa mraba wake tu. O-O ni kasilingi ya upande mfupi, O-O-O ya upande mrefu. Alama ya x ni kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Mweusi. Herufi au namba ya ziada, kama katika Nde2 au R4c5, inaonyesha kete ipi kati ya mbili.

Chagua mchezo ambao wote wawili mlipigana. Ule ambao mtu aliacha malkia aliwe hatua ya tisa hauna cha kukufundisha kuhusu mbio. Na tafadhali, usichague ulioshinda pekee. Mchezo mgumu ulioupoteza kwa hatua moja ndio wenye mali.

Onyo kabla ya yote: usifungue injini mchezo ukiwa bado unaendelea, hata "kuangalia tu". Ni udanganyifu, na tovuti zote kubwa hufunga akaunti kwa sababu hiyo. Subiri umalizike kabisa.

Hatua ya 1: Andika ulichokuwa ukifikiria, kabla hujaona namba yoyote

Zima injini. Pitia mchezo tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, na kwenye kila sehemu unayokumbuka uliwaza jambo, andika sentensi fupi. "Hapa niliogopa Rxc3." "Hapa nilidhani h5 inashinda moja kwa moja." "Hapa sikuwa na mpango." Usipendezeshe. Ukiandika "nilikuwa nimeona kila kitu" wakati ulikuwa unabahatisha, uchambuzi wote unaofuata utakuwa wa mtu mwingine, si wako.

Fanya hivyo ndani ya saa chache baada ya mchezo. Mawazo ya sataranji ya kasi hufutika haraka, na ukishaiona namba ya injini, akili inaanza kuamini kwamba ilijua tangu awali.

Kosa la kawaida hapa ni kubonyeza kitufe cha uchambuzi mara tu mchezo unapoisha, kwa hasira. Ukishakibonyeza, hatua hii imekufa.

Hatua ya 2: Chora ramani ya wafalme

Tafuta hatua ambayo kasilingi ya pili ilifanyika. Mchezo wako halisi unaanzia hapo. Simamisha ubao na uandike mambo manne:

1. Kila mfalme yuko mraba gani.
2. Kitunda gani mbele ya kila mfalme kimeshasogea.
3. Safu gani zimeshafunguka, na mshazari gani mrefu unamwangalia mfalme.
4. Katikati pamefungwa au pako wazi.

La pili ndilo linalopuuzwa, na ndilo linaloamua kasi. Mweusi akiwa na kitunda g6, Mweupe anahitaji h4, h5 na hxg6: hatua tatu, safu ya h inafunguka. Vitunda vya Mweusi vikiwa bado f7, g7 na h7, Mweupe akicheza h4, h5, h6, anajibiwa g6 na safu inabaki imefungwa. Hatua tatu zile zile, faida tofauti kabisa. Kitunda kilichosogea ni ndoana. Adui anaikamata na kufungulia mlango.

Upande wa pili ni vivyo hivyo. Mfalme mweupe akiwa b1 na kitunda kikiwa a3, Mweusi ana b5, b4, bxa3. Wengi hucheza a3 kwa hofu ya farasi kuja b4, na kwa hofu hiyo wanampa mpinzani ndoana aliyokuwa hana. Ukiikuta a3 au h6 ya namna hiyo kwenye mchezo wako, izungushie duara. Nyingi utakazozikuta hazikuwa na haja.

Hatua ya 3: Hesabu mbio

Hapa ndipo uchambuzi ulipo, kwa hiyo kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

Kuanzia kwenye ramani, andika orodha mbili. Ya kwanza: hatua ambazo Mweupe anahitaji ili apige mati au avunje ulinzi wa mfalme, akichezea peke yake. Ya pili: hatua za Mweusi. Kisha hesabu kwa kanuni hizi:

- Hatua inayomlazimisha mpinzani ajibu (cheki, au kula kete ambayo ni lazima irudishiwe) haimpi nafasi ya kuendelea na orodha yake. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni zile hatua ambazo baada yake mpinzani yuko huru.
- Kila kete inayoondoka mahali pake huacha kitu. Uliza: ilikuwa inalinda nini?
- Ukilinda kwa hatua moja na ulinzi huo ukaharibu orodha yote ya mpinzani, hujapoteza muda. Umeununua.

Tuchukue mfano ambao kila anayechezea pande tofauti anapaswa kuujua: mchezo wa pili wa fainali ya wagombea (ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia), Moscow, 1974, Anatoly Karpov akiwa Mweupe dhidi ya Viktor Korchnoi. Haukuwa mchezo wa kasi, lakini umbo lake utalikuta kwenye michezo ya dakika tatu kila siku. Uweke kwenye ubao:

1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 g6 6.Be3 Bg7 7.f3 Nc6 8.Qd2 O-O 9.Bc4 Bd7 10.h4 Rc8 11.Bb3 Ne5 12.O-O-O Nc4 13.Bxc4 Rxc4 14.h5 Nxh5 15.g4 Nf6

Simama hapo. Mweupe ametoa kitunda cha h ili ngome yake ya h1 iangalie h7. Orodha yake: Bh6, kisha Bxg7 (mfalme lazima ale), kisha Qh6+ (mfalme anarudi g8), kisha kumwondoa farasi wa f6, maana ndiye anayeilinda h7. Anamwondoa kwa Nd5 au kwa g5. Hatua nne, lakini mbili za katikati zinalazimisha jibu. Mweusi anapata nafasi huru mbili tu.

Orodha ya Mweusi: Qa5, Rfc8, kisha Rxc3, kutoa ngome kwa farasi na kuvunja vitunda vya mfalme. Hatua tatu.

Kwa hesabu tupu Mweupe yuko mbele. Mchezaji wa kasi anaona hivyo, anacheza 16.Bh6 ndani ya sekunde moja. Sasa tumia kanuni ya pili: askofu ameondoka e3, alikuwa analinda nini? Alikuwa anamlinda farasi wa d4. Mweusi anajibu 16...Nxe4! Farasi huyo anamgusa malkia wa d2, na nyuma yake askofu wa g7 amefungukiwa hadi d4, mahali ambapo ngome ya c4 nayo inatazama. Mweupe akila 17.Nxe4, Mweusi anakula 17...Rxd4, na sasa Mweusi yuko mbele kwa vitunda viwili huku malkia mweupe bado anashambuliwa. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichosahauliwa ni kile kilichoachwa nyuma.

Karpov alicheza 16.Nde2. Hatua ya kurudi nyuma, katikati ya mashambulizi! Itazame vizuri lakini. Farasi ametoka d4, kwa hiyo hakuna cha kuliwa pale. Anamlinda mwenzake wa c3, kwa hiyo Rxc3 imepoteza makali. Na orodha ya Mweupe iko vile vile ilivyokuwa. Mchezo ukaendelea 16...Qa5 17.Bh6 Bxh6 18.Qxh6 Rfc8 19.Rd3, tena akiilinda c3. Mweusi alikuwa ameshacheza hatua mbili za orodha yake, na ya tatu haikuwepo tena.

Ikafuata 19...R4c5 20.g5 Rxg5 21.Rd5 Rxd5 22.Nxd5, na farasi wa f6, yule mlinzi wa h7, akawa hatarini. Baada ya 22...Re8 23.Nef4 Bc6 kuna mtego mzuri: 24.Nxf6+ exf6 25.Nh5 inaonekana inamaliza kazi, ila Mweusi ana 25...Qg5+, cheki kwenye mshazari unaofika c1, na malkia wanabadilishwa. Ndiyo maana Karpov alicheza 24.e5 kwanza, kuuziba mstari wa tano (miraba ya a5 hadi h5) ili malkia wa a5 asifike g5. 24...Bxd5 25.exf6 exf6 26.Qxh7+ Kf8 27.Qh8+ na Korchnoi akakubali kushindwa.

Sasa rudi kwenye mchezo wako na ufanye hesabu hiyo hiyo. Iandike, usiibebe kichwani. Kisha irudie baada ya kila hatua tatu au nne, kwa sababu orodha hubadilika. Sehemu ambayo hesabu inageuka, yaani aliyekuwa mbele anakuwa nyuma, weka nyota. Kwa kawaida utapata nyota tatu au nne katika mchezo mzima.

Onyo: usihesabu hatua za mpinzani kana kwamba amelala. Wanaoanza huandika orodha yao kwa undani na ya mpinzani kwa neno moja, "anashambulia". Geuza ubao, kaa upande wake, na uiandike orodha yake kwa bidii ile ile. Zoezi hili peke yake limewainua wachezaji wengi kuliko kukariri ufunguzi.

Hatua ya 4: Zipe alama hatua zako

Kuanzia kwenye ramani hadi mwisho, kila hatua yako ipe alama moja:

- S ikiwa inasukuma shambulio lako.
- Z ikiwa inazuia la mwenzako.
- SZ ikiwa inafanya yote mawili.
- 0 ikiwa haifanyi lolote.

Ukiona 0 mbili zinafuatana, huhitaji injini kukuambia ulipopoteza mchezo.

Sifuri zina sura zinazojirudia. Kumkimbiza askofu kwa h3 au h6 mahali ambapo hakuwa anatisha. Kupeleka ngome kwenye safu ambayo haitafunguka. Kwenda kula kitunda kilicho mbali na mfalme yeyote. Kulinda kitunda ambacho kikiliwa kinamgharimu mpinzani hatua mbili. Katika mbio hizi kitunda ni bei ndogo sana kwa hatua mbili.

Kuwa mwangalifu na Kb1. Wengi huipa 0 kwa haraka, na mara nyingi si haki. Inamtoa mfalme kwenye mshazari wa c1 hadi h6 na inailinda a2. Kumbuka ile cheki ya g5 katika mchezo wa Karpov: ilikuwepo kwa sababu mfalme alikuwa c1. Kb1 ni Z ikiwa kuna cheki au tishio halisi inaloliondoa, na ni 0 ikiwa uliicheza kwa mazoea.

Angalia pia katikati. Shambulio la pembeni likishaanza, jibu kali mara nyingi ni kupasua katikati, kwa Mweusi hasa d5 pale ambapo kete nyeupe zimeshahamia upande wa mfalme. Kama ulipata nafasi ya kupasua na badala yake ukacheza hatua ya ulinzi wa woga, weka nyota nyingine.

Hatua ya 5: Isome saa

Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, mchezo wa kasi (blitz) ni ule wa dakika kumi au pungufu kwa kila mchezaji. Mtandaoni wengi huchezea dakika 3 bila nyongeza, 3 na nyongeza ya sekunde 2, au 5. Muda huo hautoshi kufikiri kila mahali, kwa hiyo swali ni kama ulifikiri mahali panapostahili.

Andika hatua tatu ulizotumia muda mrefu zaidi. Andika na muda uliotumia kwenye nyota zako. Linganisha.

Kinachoonekana mara nyingi ni hiki: sekunde ishirini kwenye hatua ya ufunguzi ambayo zote mbili zilikuwa nzuri, kisha sekunde moja kwenye nyota. Hilo si tatizo la mbinu na hakuna fumbo utakalolitatua likaliponya. Dawa yake ni uamuzi unaoufanya kabla ya mchezo: kasilingi ya pili ikishafanyika, simama mara moja, tumia sekunde kumi kuandika orodha mbili kichwani, kisha endelea kwa kasi.

Hatua ya 6: Sasa fungua injini, kwa nyota zako tu

Usianze hatua ya kwanza ukashuka hadi mwisho. Nenda kwenye nyota ya kwanza. Weka injini ionyeshe mistari mitatu, iache ifike kina cha 20 au zaidi (kina ni umbali inaotazama mbele), ndipo usome.

Kwa kila nyota andika:

1. Hatua gani injini inaipenda.
2. Inafanya nini katika orodha zako mbili. Inasukuma, inazuia, au imebadilisha orodha yenyewe?
3. Tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa pili ni kubwa kiasi gani.

La tatu linakuambia kama ulistahili kuiona. Mstari wa kwanza ukiwa +3 na wa pili 0.00 (+ ni faida ya Mweupe, - ya Mweusi, 0.00 ni sawasawa), kuna hatua moja tu iliyoshinda. Ikiwa ni cheki au ni kula kete, ungeweza kuipata, jifunze umbo lake. Ikiwa ni hatua ya kimya yenye faida inayoonekana baada ya hatua nane, ipite. Binadamu mwenye sekunde arobaini haipati, na kujilaumu kwa ajili yake ni kupoteza nguvu.

Kuhusu namba zenyewe: tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, +1.00 ya Stockfish haimaanishi tena kitunda kimoja mbele. Inamaanisha uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda dhidi ya injini ya nguvu sawa. Wewe na mpinzani wako si injini. Katika michezo ya pande tofauti namba itaruka kutoka -1.5 hadi +3 na kurudi -2 ndani ya hatua nne, na mchezo bado ukawa umechezwa vizuri kwa kiwango chenu. Usizikusanye namba hizo ukazifanya hukumu.

Onyo: hatua ya injini usiyoielewa usiinakili daftarini kana kwamba umeielewa. Icheze kwenye ubao, kisha mjibu kwa hatua ile ambayo wewe ungeicheza kama mpinzani, na uone injini inavyoadhibu. Rudia kwa jibu la pili. Baada ya majibu mawili au matatu sababu hujitokeza yenyewe.

Hatua ya 7: Cheza upya nafasi moja

Chagua nyota moja, ile inayokuuma zaidi. Rudisha ubao hatua mbili kabla yake, na ucheze kutoka hapo dhidi ya mwenzako au injini iliyopunguzwa nguvu, kwa dakika kumi. Kisha badilisheni rangi. Kusoma kwamba shambulio lilikuwa la haraka ni jambo moja, kukaa upande unaoshambuliwa na kutafuta pumzi ni jambo jingine.

Hatua ya 8: Andika mstari mmoja wa kuhifadhi

Mstari mmoja kwa mchezo, si ukurasa. Weka ufunguzi, hatua ambayo mbio ziligeuka, na sababu. Kwa mfano: "Dragoni, Mweupe, hatua ya 16, niliondoa askofu wa e3 bila kuangalia d4." (Dragoni ni ufunguzi wa mchezo ule wa Karpov.) Ukishafikisha mistari kumi isome yote pamoja. Sababu moja itakuwa imejirudia, na hiyo ndiyo ya kufanyia kazi mwezi ujao. Nyingine ziache kwanza.

Ukikwama

*Hesabu yangu inasema nilikuwa mbele, injini inasema nilikuwa napoteza.* Umesahau moja ya mambo mawili: jibu la kati (mpinzani anapiga cheki au anakula kitu kabla ya kukujibu), au kete uliyoiacha bila mlinzi. Tembea na mstari wa injini hadi kwenye kete ya kwanza inayoliwa. Jibu liko pale.

*Sikumbuki chochote nilichokuwa nikifikiria.* Tumia saa. Hatua iliyokula muda mrefu ndiyo uliyokuwa na shaka nayo, anza hapo. Mchezo unaofuata, andika maneno mawili mara tu unapoisha, kabla ya kukubali mwaliko wa marudiano.

*Injini inasema 0.00, na mimi nilihisi naangamia.* Mara nyingi kuna cheki za kudumu (zisizoisha, mchezo ukawa sare), au ulinzi mmoja tu unaoshikilia kila kitu. Fungua mstari huo hadi mwisho. Kama ulinzi huo ulikuwa mgumu kuupata, hisia yako ilikuwa ya kweli: ulikuwa kwenye nafasi ngumu kuichezea, hata kama namba inasema sare.

*Nilikuwa nashinda, nikaishiwa muda.* Ichambue kama kawaida, ila nyota iweke pale saa yako ilipozidiwa sana na ya mpinzani. Angalia kama palikuwa na nafasi ya kubadilisha malkia ukabaki na mwisho rahisi. Wengi hukataa mabadilishano hayo kwa sababu "nilikuwa nashambulia", ilhali shambulio lenye sekunde sita halina thamani.

*Mpinzani hakucheza ninavyojua. Alifanya kasilingi kisha hakushambulia kabisa.* Basi hakuna mbio, na orodha yake ni tupu. Angalia kama uliendelea kukimbia na kutoa kafara wakati ulikuwa na muda wa kuleta ngome ya pili. Kafara ni ya mwenye haraka.

*Alama nyekundu ni nyingi mno.* Zifiche. Karibu kila programu inaruhusu kuzima alama hizo. Rudi kwenye nyota zako, na kama huna nyota hata moja, rudi kwenye Hatua ya 3 ya mwongozo huu, maana umeiruka.

*Asilimia ya usahihi ilikuwa juu, lakini nilishindwa.* Asilimia hiyo ni ya hatua zote, na nyingi ni za ufunguzi na za kulazimishwa, ambazo mtu yeyote angezicheza. Katika mchezo wa pande tofauti hatua ishirini na tisa sahihi hazifuti moja iliyochelewa. Tafuta iliyochelewa.